TUMFINYANGE MPAGAZI WA KARIAKOO

Ukienda Dar es Salaam hukosi kufika Kariakoo. Je, unajua jina hilo limetoka wapi? Limetokana na Carrier Corps, yaani Kikosi cha Wapagazi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, wakaweka hapo kambi ya wapagazi. Watu hawa walibeba chakula na risasi kichwani, maana mbung'o waliwaua punda na farasi. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa.

Sasa tembea hadi barabara ya Samora. Pale pana sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Fundi wake alikuwa Mwingereza, James Alexander Stevenson. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini anayeonekana ni askari tu na bunduki yake. Nairobi mpagazi amesimamishwa pamoja na askari. Hapa kwetu bado. Basi tumfinyange wenyewe.

Sanamu ya shaba haianzi na shaba, bali na udongo. Udongo ni laini, ukikosea unafuta. Ukimaliza unautolea kalibu, na kalibu ndiyo inayomiminwa.

Chimba udongo wa mfinyanzi, toa mawe na mizizi, ukande mpaka usiwe na hewa ndani. Mfinyange mpagazi wa urefu wa shibiri moja. Mikono igandamane na mwili, mzigo ukae barabara kichwani. Kiungo kikichomoza sana, kalibu haitatoka bila kuvunjika. Hapa ndipo wengi wanapokwama.

Nunua unga wa jasi. Kariakoo upo katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Nyunyiza unga ndani ya maji, usimwage maji juu ya unga. Koroga polepole. Mwenye haraka atapata kalibu yenye matundu kama mkate! Jasi hupata moto ikiganda, kwa hiyo usitumbukize mkono na kuuacha humo.

Laza sanamu, uizungushie ukuta wa udongo hadi nusu ya mwili, kisha mimina. Ikiganda, igeuze, paka sabuni kwenye jasi, mimina nusu ya pili. Fungua, toa udongo wote, osha. Paka sabuni ndani, funga nusu mbili kwa kamba, mimina jasi mpya kupitia tundu la miguuni. Mpagazi wa udongo ameharibika, lakini kalibu itakupa wengine wengi.

Huko Marekani na Ulaya wapo mafundi wanaofinyanga hivi hivi vifuniko vya vitufe vya kompyuta, vidogo kama ukucha wa dole gumba. Kalibu zao ni za mpira.

Zoezi la darasa: Je, kijijini kwenu yuko mzee ambaye babu yake alichukuliwa upagazi? Alibeba nini? Mzigo ulifungwaje? Muulizeni kabla hamjaufinyanga.