Saa ya Chipu ya Sauti na Hesabu Yake

Sauti iliyohifadhiwa katika kompyuta ni mfululizo wa namba. Kimo cha wimbi la sauti hupimwa mara nyingi katika kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Sidii, zilizoanza kuuzwa nchini Japani mwaka 1982, hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde; sauti ya video kwa kawaida hutumia 48,000. Ili muziki usikike kama ulivyopigwa, ni lazima sampuli zitolewe kwa mwendo uleule zilizochukuliwa nao.

Kazi hiyo hufanywa na chipu ya sauti. Lakini chipu haijui sekunde ni nini. Inachoweza ni kuhesabu tu mapigo ya umeme yanayotokana na kipande cha fuwele kinachotetema kwa mwendo usiobadilika. Mapigo hayo huitwa saa kuu. Ikiwa saa kuu ina mapigo 11,289,600 kwa sekunde, na chipu imeamriwa kutoa sampuli moja katika kila mapigo 256, basi:

11,289,600 ÷ 256 = 44,100

Namba 256 ndiyo kigawanyo. Kwa saa kuu ya mapigo 12,288,000, kigawanyo hichohicho huleta sampuli 48,000. Ndiyo sababu baadhi ya vifaa huwekewa fuwele mbili, moja kwa kila aina ya sauti.

Anayeiamuru chipu ni programu iitwayo kiendeshi, ambayo hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo wa kompyuta, kwa mfano kiini cha Linux kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kiendeshi huhitaji kujua mambo mawili: idadi ya mapigo ya saa kuu, na idadi ya sampuli zinazotakiwa. Hugawanya ya kwanza kwa ya pili, kisha huandika kigawanyo katika rejista za chipu.

Hapa ndipo penye hatari. Tuseme mwandishi wa kiendeshi ametaja saa kuu kuwa 11,289,600, ilhali fuwele iliyopo kwa kweli hutoa 12,288,000. Hesabu yake itakuwa sahihi, na kompyuta haitaonyesha kosa lolote. Lakini chipu itatoa sampuli 48,000 badala ya 44,100. Wimbo wa sekunde 180 utakwisha baada ya takriban sekunde 165, na sauti yenye mitetemo 440 kwa sekunde itapanda hadi karibu 479. Mwimbaji ataonekana kuimba kwa haraka na kwa sauti nyembamba kuliko yake. Kosa ambalo mashine haikuliona litatambuliwa na sikio.

Fundisho ni kwamba hesabu sahihi haiwezi kusahihisha kipimo cha uongo. Kabla ya kugawanya, mwandishi wa programu hana budi kuthibitisha fuwele iliyomo katika kifaa chenyewe.

Zoezi: Kifaa kina saa kuu ya mapigo 12,000,000 kwa sekunde. Tafuta kigawanyo cha kupata sampuli 48,000, kisha 44,100.

Jibu: Kigawanyo cha kwanza ni 250 kamili. Cha pili si namba nzima. Iliyo karibu zaidi ni 272, nayo huleta takriban sampuli 44,118. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa sikio kuitambua.