Ukuta wa Bahari na Haki ya Jirani

Katika somo hili tunautazama ufuko kama suala la haki, kwa mfano wa Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ambako bahari imekuwa ikila nchi kavu kwa miongo kadhaa.

Tuanze na mchanga. Haukai mahali pamoja. Mito huuleta kutoka bara, kisha mawimbi huusukuma kandokando ya pwani: wakati wa kusi kuelekea kaskazini, wakati wa kaskazi kurudi kusini. Ukichimbwa mitoni kwa ajili ya matofali ya saruji, ufuko hunyimwa chakula chake. Hapo waliojenga karibu mno na maji huona bahari inawafuata, nao hujenga ukuta.

Ukuta hulinda nyumba, ufuko hauulindi. Wimbi likiugonga hurudi kwa nguvu na kuchota mchanga wa chini yake. Ufuko, ambao ungesogea nyuma taratibu, sasa hauna pa kwenda. Vizuizi vya mawe vinavyoingizwa baharini navyo hukusanya mchanga upande mmoja na kumnyima jirani wa upande wa pili. Jirani naye hujenga wake. Mvuvi, asiye na ukuta wala hati, hukosa pa kuvutia ngalawa yake maji yanapojaa.

Mwaka 533, sheria za Kaisari Justiniani zilihesabu hewa, maji yatiririkayo, bahari na fukwe zake kuwa vya watu wote kwa sheria ya maumbile. Mtakatifu Thoma wa Akwino anakubali mtu amiliki mali, ila katika kuitumia awe tayari kuwashirikisha wahitaji. Hati ya kiwanja, basi, haimalizi swali la ukuta.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kwetu sisi hiyo inashinda ukuta wowote, maana inauachia ufuko nafasi ya kusogea. Kwa yaliyokwisha kujengwa jambo ni gumu zaidi, ingawa barabara ya umma ina dai kubwa kuliko bustani ya hoteli.

Nasi waamini tusijitoe haraka, kwa kuwa vigango vyetu pia hujengwa kwa mchanga. Lori linapomwaga mzigo uwanjani mwa kanisa, kamati ya ujenzi imuulize dereva umechimbwa mto gani, na kwa kibali cha nani.