Motakaa Iliyoshinda Mara 15

Wahenga walisema, "Hasara humfika mwenye mabezo." Katika somo hili tutaona jinsi neno hilo lilivyompata mtu ambaye hakuwa mvivu wala mjinga, bali dereva hodari mno, naye aliendesha motakaa iliyowashinda wote kwa upesi.

Kila mwaka, katika Ulaya na nchi nyingine, hufanyika mashindano ya motakaa yaitwayo Grand Prix, maneno ya Kifaransa yenye maana ya "tuzo kuu". Motakaa hizo zina kiti kimoja tu, nazo huizunguka njia ile ile mara nyingi mpaka zitimize mwendo wa kilomita 300 hivi. Katika mwaka 1988 mashindano yalikuwa 16. Aliyetangulia alipewa alama 9, wa pili alama 6, na waliofuata walipata chini ya hizo.

Mwaka ule kampuni ya McLaren ya Uingereza iliunda motakaa mpya, jina lake MP4/4. Aliyeichora ni Steve Nichols, Mmarekani, na mkuu wa mafundi alikuwa Gordon Murray, mzaliwa wa Durban katika Afrika ya Kusini. Waliifanya iwe ya chini sana, hata dereva akakaa kama mtu aliyelala chali, ili upepo upite juu bila kuizuia. Injini ilitoka kwa Honda wa Japani. Ilikuwa ndogo, ya lita 1.5 tu, lakini ilikuwa na chombo kiitwacho turbo. Je, umepata kumtazama mhunzi akivukuta? Pumzi ya mivukuto ikizidi, makaa huwaka zaidi. Turbo nayo hufanya vivyo hivyo: moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo husukuma hewa nyingi ndani, mafuta yakaungua kwa nguvu kubwa.

Lakini sheria za mwaka ule ziliweka mpaka. Motakaa yenye turbo iliruhusiwa lita 150 tu za mafuta, badala ya lita 195 za mwaka uliotangulia, wala haikuruhusiwa kuongezewa njiani. Aliyekimbia ovyo angeweza kuishiwa kabla ya mwisho. Ilimpasa dereva ajue wakati wa kukaza na wakati wa kulegeza. Kampuni ya Lotus ilikuwa na injini ile ile ya Honda, wala haikushinda hata mara moja. Basi nguvu ya injini peke yake haikutosha.

McLaren ilikuwa na madereva wawili: Alain Prost, Mfaransa, na Ayrton Senna, mtu wa Brazil. Prost alisifiwa kwa utulivu wake, na Senna kwa upesi wake. Ijapokuwa walikuwa wa kampuni moja, kila mmoja alitaka kumshinda mwenzake.

Tarehe 15 Mei walishindana mjini Monaco, mahali penye njia nyembamba na kuta zilizo karibu. Senna alitangulia tangu mwanzo, hata akawa mbele kwa sekunde 50 hivi. Wakuu wake wakampelekea habari kwa simu ya upepo, apunguze mwendo, kwa kuwa hakuna awezaye kumfikia. Senna akapunguza, lakini pamoja na mwendo, fikira zake nazo zikalegea. Katika mzunguko wa 67 kati ya 78 akagonga ukuta. Akashuka, akaenda zake moja kwa moja nyumbani kwake mjini humo, wala hakurudi kwa wenzake. Prost, aliyekuwa nyuma akiendesha kwa saburi, akashinda.

Mnamo tarehe 11 Septemba walikuwa Monza, katika nchi ya Italia. Mzee Enzo Ferrari, mwenye kampuni ya Ferrari, alikuwa amefariki mwezi mmoja tu kabla, na Waitalia walikuwa na huzuni. Injini ya Prost ikaharibika. Senna akawa mbele, hata ikabaki mizunguko 2 tu. Hapo alipotaka kumpita dereva mmoja aliyekuwa nyuma sana, wakagongana. Ferrari mbili zikaja za kwanza na za pili, na watu wakashangilia. Hayo ndiyo mashindano pekee ambayo McLaren haikushinda mwaka ule.

Tarehe 30 Oktoba, kule Suzuka katika Japani, injini ya Senna ilizimika wakati wa kuondoka. Kwa bahati njia ile ina mteremko. Motakaa ikateremka yenyewe, injini ikawaka tena. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kumpita, naye alikuwa wa 14. Safari hii hakulegea. Akawapita mmoja mmoja, na walipovuka nusu ya safari akampita Prost pia, akashinda. Siku hiyo akawa bingwa wa dunia.

Mwaka uliofuata turbo zilikatazwa, na MP4/4 haikushindana tena. Lakini mafunzo yake yangaliko. Kiasi ni jambo jema, maana bila kiasi mafuta huisha njiani. Lakini kiasi si ulegevu. Mtu anaweza kupunguza mwendo wake, ila asiache kuangalia mbele mpaka kazi iishe.

MASWALI

1. Turbo inafananaje na mivukuto ya mhunzi?
2. Kwa nini dereva hakuweza kukimbia ovyo?
3. Senna alikosa nini Monaco, na alionyesha nini Suzuka?
4. Kwa sheria ya mwaka ule, mara 11 bora tu za kila dereva zilihesabiwa. Senna alikuwa wa kwanza mara 8 na wa pili mara 3. Prost alikuwa wa kwanza mara 7 na wa pili mara 7. Tafuta alama za kila mmoja zilizohesabiwa. Je, zote zingalihesabiwa, Prost angalikuwa na ngapi?