Mdogo Wangu, Injini Iko Mgongoni

Haya mdogo wangu, sogea tuongee. Najua kilichokupata. Umeiona Toyota MR2 inauzwa, imelala chini, injini iko nyuma ya viti inanguruma mgongoni kwako, na tangu siku hiyo usingizi umekuhama. Sasa unataka kuingia nayo kwenye mashindano ya vumbi na tope. Usione haya. Hujaanza wewe, na waliokutangulia walikuwa na viwanda vizima nyuma yao.

Kwanza nikutendee haki. Wanaokucheka kijiweni kwamba gari la michezo lenye injini katikati haliwezi barabara mbovu, hao hawajui wanachosema. Lancia Stratos ilikaa hivyohivyo, V6 ya Ferrari nyuma ya kichwa cha dereva, ikauchukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1974, 1975 na 1976. Tena ilikuja mpaka kwetu. Kwenye Safari Rally ya 1975, Sandro Munari na Björn Waldegård walizifikisha Stratos zao nafasi ya pili na ya tatu. Si mchezo hata kidogo.

Ila nani alishinda? Ove Andersson, na Peugeot 504, ndugu wa zile zilizokuwa zikibeba abiria na mizigo yao kwenda bara. Mwaka uliofuata Stratos bado ni bingwa wa dunia, lakini Safari ikachukuliwa na Joginder Singh, mtu wa Kenya, kwa Mitsubishi Lancer iliyobeba injini yake mbele kama gari la mwalimu mkuu. Baadaye Lancia 037 ikawa bingwa 1983, Peugeot 205 T16 ikafuata 1985 na 1986, zote injini katikati, na hakuna hata moja iliyowahi kushinda Safari. Mabingwa wa dunia hao, mdogo wangu. Na wewe unakwenda na gari la mkononi.

Nikueleze shida inakokaa, maana fundi wako anakwambia tu “litawezekana, boss” huku anahesabu hela zako. Uzito ukiwa katikati, gari linageuka upesi, na hiyo ndiyo raha uliyoionja siku ile ulipolijaribu. Lakini linalogeuka upesi huzunguka upesi vilevile. Ukishtuka katikati ya kona ukaachia mafuta, uzito unakimbilia mbele, matairi ya nyuma yanapoteza mshiko, mkia unakupita. MR2 ya pili, ile iliyotoka 1989, ilijulikana kwa tabia hiyo mpaka Toyota wakaifanyia marekebisho ya suspensheni. Pembeni ya barabara yetu ya kokoto kuna mtaro, nao hautakupa nafasi ya pili.

Halafu inama uangalie chini. Rejeta iko puani, injini iko nyuma, kwa hiyo maji ya kupozea yanasafiri urefu wa gari kwa mabomba yanayopita chini ya sakafu. Jiwe moja tu la ukubwa wa ngumi linatosha. Wewe macho yako barabarani, mshale wa joto unapanda, huna habari, na ukija kunusa harufu gasketi imeshaungua. Na mdomo wa kuvutia hewa uko ubavuni, karibu na gurudumu la nyuma, palepale vumbi linapofumuka. Lamborghini walipotengeneza Huracán Sterrato ya kwendea barabara za vumbi, waliuhamishia mdomo huo juu, kwenye kifuniko cha nyuma, ili injini ivute hewa safi. Gari lenyewe wakaliinua milimita 44. Kiwanda chenye fedha zote zile kimeona lazima kifanye hivyo, wewe unaniambia utafunga wavu wa dirishani!

Utaniuliza, mbona 205 T16 ilishinda mashindano ya Paris–Dakar 1987 ikiendeshwa na Vatanen, ikarudia 1988 ikiendeshwa na Kankkunen? Ilishinda, ndiyo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Gari lile lilifanana na 205 ya dukani kwa sura tu. Ile ya dukani injini iko mbele. Hii waliisuka upya, injini ikarudi katikati, magurudumu yote manne yakavuta, na nyuma yake yakafuata malori ya spea na mafundi wasiolala. Kwako anayefuata ni binamu yako na pikapu, tena akipata mafuta.

Kinachoniuma zaidi si gari. Najua hela zenyewe zimetoka wapi. Ni zile za kiwanja, na mwenzio anaamini bado zipo benki. Gari litavunjika, hilo halina mjadala, na usiku huo utarudi nyumbani na maneno mawili ya kusema, la gari na la kiwanja. La gari atakusamehe.

Basi kama moyo umekataa kabisa, fuata ninalokwambia. Anza na kigari cha kawaida ambacho kila fundi anakijua gizani. Subaru na Mitsubishi Evo zimejaa kwenye mashindano yetu kwa sababu spea zinapatikana hata Jumapili. Ujifunze kuserereka pasipo kushtuka, msimu mzima ikibidi. Hiyo MR2, ukija kuinunua, iinue, ifunge bamba la chuma tangu puani mpaka chini ya gia boksi, mabomba ya maji yapitishe ndani, na mdomo wa hewa uhamishe. Ukipiga hesabu ya kazi hiyo utaona imeipita bei ya gari. Usinikasirikie mimi, kasirikia hesabu.

Na huyo rafiki yako uliyemwahidi kiti cha msoma ramani, ni mtoto wa watu, na mama yake ananunua mboga soko moja na mimi. Kabla hajafunga mkanda mwambie ukweli, umeliendesha gari hilo kwenye vumbi mara ngapi na lilikuponyoka wapi. Akiamua kushuka, usimnunie.