Mkanda wa Shingo wa Mbwa: Kuuchagua, Kuupima na Kuutumia

Wilayani Same, mbwa hulinda nyumba, hufuatana na wachunga mbuzi tambarare na hufukuza nyani mashambani milimani. Mbwa wa kazi hizo hana budi kufundishwa kutii, na chombo cha kwanza cha mafunzo ni mkanda wa shingo. Mkanda mbaya humjeruhi mnyama. Unaokatika humwachia barabarani. Kwa hiyo tunawashauri watumiaji yafuatayo.

Kuchagua. Nunua mkanda bapa wa nailoni au ngozi, wenye bizimu ya chuma na pete iliyoshikizwa imara. Kabla ya kulipa, uvute kwa mikono miwili: nyuzi zikiachia au pete ikifunguka, usiuchukue. Penye mvua nyingi, kama Chome, nailoni hufaa zaidi, kwani ngozi isiyopakwa mafuta hukakamaa na kupasuka. Epuka waya, kamba ya katani na mnyororo unaojikaza. Hukata ngozi na kukaba koo. Dai risiti.

Kupima. Zungushia shingo futikamba; usipokuwa nayo, tumia uzi kisha uupime kwa rula. Ukisha kuuvalisha mkanda, ingiza vidole viwili kati yake na shingo. Visipoingia, umebana, mkanda ukivuka masikio, umelegea.

Kufundisha. Mvalishe kwanza wakati wa chakula, kwa dakika chache, mpaka auzoee. Kisha funga kamba kwenye pete. Akivuta, simama, kamba ikilegea, msifu na uendelee. Usimkwanyue. Mbwa anayeumizwa shingoni hujifunza woga, na mbwa mwoga huuma.

Kukagua. Mtoto wa mbwa hukua upesi kuliko tunavyodhani. Mkanda usiolegezwa huzama nyamani, na manyoya huficha kidonda hata kitoe harufu. Rudia kipimo cha vidole viwili kila wiki. Ukiona jeraha, mwone mtaalamu wa mifugo. Usiuchomoe mkanda uliozama kwa nguvu.

Tukumbuke mambo mawili. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na mkanda unaomjeruhi ni mateso hata kama mwenye mbwa hakukusudia. Pili, mkanda haukingi kichaa cha mbwa. Chanjo ndiyo kinga, kwa mbwa wako, kwa jirani, na kwa mbwa mwitu wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi.