Kakola hadi Kahama kwa miguu: presha yangu itaniruhusu?

SWALI: Daktari, mimi ni mwanaume wa miaka 46, naendesha mtambo chini ya ardhi hapa mgodini Bulyanhulu na naishi Kakola. Mwaka jana shangazi yangu aliyenilea alifariki kwa kansa ya shingo ya kizazi. Wenzangu kazini na akina mama wa kikoba cha mtaani wamepanga matembezi ya hisani kutoka Kakola hadi Kahama kwa siku tatu, katikati ya Agosti, kuchangia utafiti wa kansa. Nimeshajiandikisha. Lakini nina presha, natumia vidonge, mwili umenenepa na kazi yangu ni ya kukaa. Mke wangu anasema nitaanguka njiani. Halafu mzee mmoja katuuliza: utafiti wa nini wakati wagonjwa wanakosa nauli ya kwenda hospitali? Naomba unijibu yote mawili.

JIBU: Pole sana, kaka, kwa kuondokewa na shangazi aliyekulea. Naanza na swali la mzee. Utakapokuwa unapita na daftari la michango utaulizwa hilo kwa kila nyumba, na unastahili kuwa na jibu.

Mzee ana haki ya kuuliza. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kanda ya Ziwa aliyehitaji mionzi alilazimika kusafiri hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na wapo waliokata tamaa kabla hata ya kupanda basi. Siku hizi Hospitali ya Bugando, Mwanza, nako mionzi inatolewa. Hata hivyo nauli ya Kahama hadi Mwanza, chakula na malazi ya ndugu anayeuguza ni mzigo mzito kwa familia ya mkulima wa pamba au mchimbaji mdogo. Siwezi kumwambia mzee kwamba nauli ni jambo dogo. Ningemsimulia kilichofanyika Mwanza.

Saratani ya shingo ya kizazi husababishwa na virusi vya HPV, na chanjo yake ipo. Hapo mwanzo ilitolewa kwa dozi tatu, baadaye mbili. Kila dozi ina gharama yake, na kila siku ya kurudia kuna wasichana wasioonekana tena. Binti wa mchimbaji mdogo anaweza kuchanjwa shule moja, na miezi sita baadaye wazazi wameshahamia rashi nyingine ya dhahabu upande wa Geita. Mwaka 2017 kituo cha utafiti cha MITU, Mwanza, pamoja na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, walianza kuandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14. Wengine walipewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Kisha wakafuatiliwa na kupimwa damu kwa miaka. Baada ya miaka miwili, karibu wote waliochanjwa mara moja tu bado walikuwa na kinga dhidi ya HPV aina ya 16, ambayo ndiyo hatari kuliko zote. Kenya nako utafiti wa wasichana na wanawake vijana 2,275 ulionyesha kuwa dozi moja inazuia vizuri maambukizi yanayong'ang'ania mwilini. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likaafiki kwamba dozi moja inaweza kutumika. Tanzania, iliyokuwa imeanza chanjo hii nchi nzima Aprili 2018 kwa dozi mbili, ikahamia dozi moja mwaka 2024 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Ebu fikiria maana yake hapo Kakola. Binti anachomwa sindano mara moja shuleni na kazi imekwisha, hata kama familia itahama kesho yake. Dozi ambayo ingekuwa yake ya pili inamfikia binti mwingine. Nchi yetu hupata wagonjwa wapya wa saratani hii zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na wengi hufika hospitali ugonjwa umeshakomaa. Kilichopunguza safari na gharama za kuwakinga watoto wetu ni utafiti, uliofanywa kwa damu na uvumilivu wa wasichana wa Mwanza. Naumia kila nikikumbuka kwamba akina mama wa umri wa shangazi yako walikua kabla chanjo hiyo haijagunduliwa.

Ukanda wetu wa ziwa una historia ndefu katika jambo hili. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, aliona watoto wengi wenye uvimbe wa taya unaokua upesi, akaandika juu yake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walichukua gari wakasafiri kilomita zipatazo 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: uvimbe huu mnauona au hamuuoni? Wakatambua kwamba unafuata maeneo ya joto na mvua, yale yale ya malaria. Mwaka 1964 wanasayansi wa London wakakuta kirusi kipya ndani ya chembe za uvimbe huo. Leo saratani hiyo ya watoto inatibika kwa dawa ikiwahiwa. Nalisema hili pia kwa wazazi wanaosoma safu hii: mtoto akivimba taya na uvimbe ukakua kwa siku au wiki chache, msiishie kung'oa jino. Mwahisheni hospitali, na ombeni rufaa ya Bugando.

Sasa nauli. Mchango wenu hautalipia utafiti mzima, na hautakiwi kufanya hivyo. Utafiti mwingi wa kwetu hulegea pale mshiriki anaposhindwa kurudi kupimwa mara ya pili na ya tatu kwa kukosa nauli. Asiporudi, hakuna anayejua kama dawa ilimsaidia, na damu aliyotoa mwanzo inakuwa imepotea bure. Waandikieni Bugando au NIMR Mwanza kabla ya kuanza kuchangisha, waulizeni kama wana utafiti wa saratani ambao fedha zenu zinaweza kuwasafirisha washiriki wake. Mzee akisikia hivyo, nadhani atachangia. Mimi ningechangia.

Kuhusu fedha zenyewe nina msimamo mkali: zisipite kwenye simu ya mtu, hata awe mwaminifu kiasi gani. Kwa taasisi ya umma kama NIMR ombeni namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita control number. Kwa hospitali ombeni akaunti iliyo kwa jina la hospitali. Jumla ya kila siku ibandikwe ukutani, waliochanga waione. Watu wa migodini wanaijua michango ya namna hii. Jirani zenu wa mgodi wa Geita wamekuwa wakiandaa Kili Challenge tangu mwaka 2002, watu wakipanda Mlima Kilimanjaro na wengine kuuzunguka kwa baiskeli kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Mbio za NBC Dodoma nazo huchangia vita dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi kwa kushirikiana na Ocean Road.

Twende kwenye mwili wako.

Presha peke yake haikuzuii kutembea. Kutembea mara kwa mara ni sehemu ya tiba yake, na kwa wiki kadhaa kunaweza kuishusha. Kinachotisha ni presha isiyodhibitiwa kukutana na jua la Kahama, kiu na mwendo wa saa tano. Nenda zahanati pamoja na mke wako, upumzike umekaa dakika tano, ndipo upimwe. Rudia siku nyingine. Ukiwa chini ya 140/90, anza mazoezi. Ukiwa juu ya hapo lakini hujafika 180/110, tembea taratibu huku daktari akirekebisha dawa zako. Ukifika 180/110 au zaidi, usianze mazoezi yoyote mpaka ishuke. Omba pia upimwe sukari, figo na kipimo cha umeme wa moyo. Na kama umewahi kubanwa kifua ukipanda ngazi au kubeba mzigo, mwambie daktari hata asipokuuliza.

Vidonge usiviache siku ya safari kwa kuogopa kukojoa njiani. Nimeona watu wakifanya hivyo. Kama dawa yako ni ya kukojoza, muulize daktari uinywe saa ngapi siku za mwendo mrefu. Kitu kingine ambacho hakizungumzwi vya kutosha ni diklofenaki na dawa za jamii yake, ambazo watu hununua duka la dawa na kumeza kila misuli ikiuma. Kwa mwenye presha aliyepungukiwa maji, dawa hizo hupandisha presha na zinaweza kuumiza figo. Beba parasetamoli.

Mwendo wenu ni zaidi ya kilomita 70, yaani karibu kilomita 24 kwa siku, siku tatu mfululizo. Mtu anayekaa kwenye mtambo zamu nzima anahitaji wiki kumi za kujiandaa. Anza na nusu saa, siku tano kwa wiki, kwa kasi ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Siku moja katika wiki iwe ya mwendo mrefu: anza na kilomita 6, ongeza 2 kila wiki. Wiki ya nane tembea mwendo mrefu siku mbili zinazofuatana, kwa sababu siku ya pili ndiyo inayowashinda wengi, miguu ikiwa bado ina uchovu wa jana. Wiki ya kumi punguza. Ukitoka zamu ya usiku lala kwanza. Mtu mwenye usingizi kando ya barabara ya malori ni hatari kwake na kwa dereva.

Vaa raba ulizozizoea, zenye nafasi mbele ya vidole, na soksi kavu za kubadilisha. Buti za kazini ziache nyumbani. Ondokeni kabla ya jua kuchomoza, pumzikeni saa za jua kali, tembeeni upande wa kulia mkitazamana na magari, na zile reflekta mnazovaa kazini zivaliwe. Kunywa maji kila ukisikia kiu, usijilazimishe lita juu ya lita. Kula vitu vyenye chumvi kidogo na nguvu: karanga, mayai, na matobolwa, chakula cha safari ambacho Wasukuma wamekitumia tangu zamani.

Kuna la vumbi, na hili linakuhusu kuliko wengine kwenye msafara. Mwaka 1997 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka silika, vumbi laini linalotoka kwenye mwamba unapochorongwa na kulipuliwa, katika orodha ya visababishi vya saratani ya mapafu kwa wanaoivuta kazini. Vumbi hilo pia huweka makovu kwenye mapafu na kuifungulia njia kifua kikuu. Kwa hiyo ukitembea kilomita mbili tambarare na pumzi ikakuishia kuliko wa rika lako, au una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, usiseme ni unene tu. Pima kifua kikuu na upigwe picha ya kifua kabla ya kuendelea. Utafiti mnaouchangia ni wa mapafu yako pia.

Katika mazoezi msikatize kwenye malambo na majaruba, kichocho kipo. Kichocho cha mkojo kikikaa miaka mingi bila tiba kinaweza kuleta saratani ya kibofu, na dawa ya kichocho ni vidonge tu. Mkojo wenye damu hauvumiliwi. Mkojo mweusi kama Coca-Cola baada ya mwendo mrefu ni dharura nyingine: misuli imeumia na figo ziko hatarini, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi au kupanda tayani, kizunguzungu kisichoisha kivulini, au kupoteza fahamu. Gari la kumbeba mgonjwa liwe nyuma yenu muda wote, na polisi wapewe taarifa ya njia na saa mapema.

Akina mama wa kikoba wenye miaka 30 hadi 50 waende kituo cha afya kupimwa shingo ya kizazi kabla ya safari. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aulize apimwe mara ngapi, kwa sababu yeye hupimwa mara nyingi zaidi.

Kinachobaki ni tarehe, na hiyo naipinga. Barua yako imeandikwa mwanzoni mwa Julai. Hadi katikati ya Agosti ni wiki sita tu. Sogezeni hadi wiki ya mwisho ya Septemba. Mtakuwa na wiki kumi na ushei za kujiandaa, na kwa kawaida mvua huwa hazijaanza Kahama. Kama tarehe imeshatangazwa na wenzako hawataki kuibadili, siku mbili za mwanzo panda gari linalofuata msafara uandike michango. Siku ya tatu tembea nao kilomita 12 za mwisho kuingia mjini, mradi asubuhi hiyo presha yako iko chini ya 140/90.