Somo la Akiba ya Chakula Nyumbani, na Tafauti Yake na Ihtikari

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, somo letu la safari hii ni juu ya chakula kiwekwacho nyumbani kwa siku ya dhiki. Limetupasa kulisema kwa sababu ya jambo tulionalo katika nchi hii ya Chiola na jirani zake, Nachingwea na Ruangwa. Mahindi na mtama huvunwa Mei hata Julai. Lori za wachuuzi huja mashambani wakati huo huo, na mtu akauza gunia baada ya gunia, na mara nyingine gunia lenyewe ni la lumbesa, hata ghala likabaki tupu. Ikifika Januari mvua inanyesha, jembe li mkononi, na ndani hamna kitu. Basi bwana huyo hununua kwa bei ya juu kile alichokiuza kwa bei ya chini. Na asiye na fedha ya kununulia huenda kwa mtu wa kangomba, akapokea fedha kidogo kwa korosho ambazo hata maua yake hayajatoka. Oktoba ikiwadia, mkorosho ni wake na mavuno ni ya mwingine.

Na hukumu ya jambo hili si ya kufichwa. Kuuza tunda la mtini kabla halijadhihiri kupevuka kwake, kwa makusudio ya kuliacha mtini, haisihi katika madhehebu yetu. Kukopesha fedha kwa sharti ya kurejeshewa zaidi ni riba. Iko biashara ya salam, nayo ni halali, lakini ina masharti yake: thamani yote itolewe pale pale penye mapatano, kitu kisifiwe sifa zake na kipimo chake, muda ujulikane, wala kisifungwe na matunda ya shamba fulani la mtu. Kangomba kama ifanywavyo kwetu ni nadra kuyatimiza haya, na serikali nayo imeikataza. Lakini sisi tunaosoma mimbarini tukimwonya mwenye njaa bila ya kumwonyesha pa kutokea, hatujamnasihi. Pa kutokea ni ghala lake mwenyewe, na wakati wake ni Juni, si Januari.

Akiuliza mtu: Je, kuweka akiba si kupunguza tawakkul? Tutamjibu: Mtume (s.a.w.) aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka mzima, kutoka katika mitende ya Bani Nadhir. Khabari hii imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Sayyidna Umar, na hapana mwenye tawakkul kumshinda yeye. Imepokewa vile vile na Tirmidhi kutoka kwa Anas kwamba Mtume hakuwa akijiwekea kitu cha kesho. Wanachuoni wamezikusanya khabari mbili hizi wakasema: kwa ajili ya nafsi yake hakuweka, na kwa ajili ya wale waliomtegemea aliweka. Basi mtu akitaka zuhudi, aifanye kwa tumbo lake. Tumbo la mtoto hakupewa yeye kulifanyia zuhudi. Na katika Sahihi ya Muslim, Bibi Aisha amepokea maneno ya Mtume yenye maana kwamba nyumba isiyo na tende, watu wake wana njaa. Tende kwao ni kama mahindi na muhogo kwetu.

Ama kiasi cha kuweka, fiqhi yetu imetupa kipimo ambacho wengi huisoma katika mlango wa nafaka za mke wakaipita. Mume aliye maskini humpasa mudd moja ya chakula kila siku, mwenye hali ya katikati mudd moja na nusu, na tajiri mudd mbili. Mudd nne ni pishi moja, ile tutoayo katika zaka ya Fitri. Tukikadiria mudd kuwa gramu 600, basi nyumba ya watu wazima sita, kwa siku 120 za Januari hata mwisho wa Aprili, yahitaji kilo 432, yaani gunia nne za kilo mia na zaidi kidogo. Kwa mwaka mzima ni kilo 1,314, gunia kumi na tatu. Watoto wawili wadogo wahesabu kama mtu mzima mmoja. Hesabu hii ifanywe uwanjani pa kupepetea, kabla lori halijafika, na mkewe akiwapo, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye sufuria lipikalo. Kilichozidi hapo ndicho cha kuuza.

Sasa tuangalie kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), kwani ndicho asili ya somo hili. Aliwafundisha watu wa Misri walime miaka saba, na walichovuna wakiache katika masuke yake isipokuwa kidogo watakachokula. Kisha ije miaka saba ya shida, wakile kile walichokiweka, isipokuwa kidogo watakachokihifadhi. Tazama, neno kidogo limekuja mara mbili. La kwanza ni kujizuia wakati wa neema, na ndilo gumu zaidi. La pili, wafasiri wengi wamelieleza kuwa ni mbegu. Mwenye kula mbegu yake ya Januari amekula na mavuno ya Juni, kwa hivyo mbegu iwe na chombo chake mbali, wala isihesabiwe katika chakula.

Na hapa pana jambo la kuzingatia. Suke la ngano hulinda punje yake, na ndivyo ulivyo mpunga wenye kumbi, hukaa kuliko mchele. Lakini mahindi ya leo mtu akiyaacha kwenye magunzi huku akisema afuata kisa cha Yusuf, hakukifahamu. Yuko mdudu aitwaye dumuzi, na wakulima wengine wamempa jina la lori, Scania, kwa nguvu zake. Asili yake ni Amerika, akaonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akaenea. Huyu apenda hindi lililo kwenye gunzi kuliko lililopukuchuliwa, na makopa ya muhogo huyafanya unga. Yusuf aliisemea ngano kwa ujuzi wa ngano. Nasi yatupasa ujuzi wa mahindi. Yapukuchuliwe, yapepetwe, yakaushwe juu ya turubai au chanja, si juu ya udongo. Ujue yamekauka kwa namna hii: tia punje katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise, uache kidogo, chumvi ikiganda kwenye chupa, yarudishe juani. Kisha yatiwe katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ifungwe kila tabaka peke yake, na mdudu atakufa ndani kwa kukosa pumzi. Mfuko huo hauhitaji dawa. Mwenye kutumia dawa ya unga katika gunia la kawaida aitumie ile iliyoandikiwa nafaka tu na kwa kipimo chake, maana kumlisha mtoto dawa ya mikorosho ni kumwua. Mifuko iwekwe juu ya vigogo, mbali na ukuta. Muhogo uwachwe shambani udongoni, ung'olewe kwa haja.

Msilione jambo la kukausha kuwa dogo. Nafaka na karanga zenye unyevu huota ukungu, na ukungu huo huzaa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 huko Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, wakafa 125. Mwaka 2016 ikawa kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: waliougua 68, waliokufa 20. Karanga iliyosinyaa au iliyobadilika rangi isitiwe akibani, wala asipewe kuku, wala isisagwe ikafichwa katika unga wa uji wa mtoto. Kuwauzia watu nafaka hiyo bila ya kubainisha aibu yake ni ghushi, na ghushi ni haramu.

Dhiki nazo si za namna moja. Mwezi wa Mei 2024 ilikuja tufani iliyoitwa Hidaya, na mafuriko yake yakaikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga, katika Kilwa, lori zikasimama. Kwa siku kama hizo ghala la mahindi halitoshi. Yafaa nyumba iwe na chumvi ya miezi miwili, mafuta ya taa au betri, kibiriti katika chupa iliyofungwa, sabuni, dawa ya anayeugua daima, na maji masafi katika vyombo vilivyofunikwa. Kufunika vyombo usiku kumeamrishwa katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Muslim.

Na iko dhiki ya vita. Wazee wa Umwera na kusini yote walirithishana khabari za Majimaji, vita vilivyoanza Umatumbi Julai 1905. Wadachi walipoona bunduki peke yake haziwamalizi watu, wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaendelea hata vita vilipokwisha 1907. Serikali yao wenyewe ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gwassa amekadiria 250,000 hata 300,000, na wengi wao ni wa njaa. Kwa ajili hiyo, na kwa ajili ya moto na mwizi wa kawaida, mwenye akili hakiweki chakula chote chini ya paa moja.

Tumebakiwa na mpaka baina ya akiba na ihtikari. Muslim amepokea kutoka kwa Maamar bin Abdillah kwamba hahodhi ila mkosa. Imam Nawawi ameeleza kuwa ihtikari ya haramu ni mtu kununua chakula wakati wa bei ya juu kwa biashara, asikiuze, akakiweka ili kizidi kupanda. Mwenye kuweka mavuno yake, au aliyenunua wakati wa rahisi, au aliyenunua wakati wa ghali kwa kula yeye na watu wake, hayumo. Kilichozidi haja ya mwaka, bora akiuze. Lakini akikhofia mavuno ya mwaka wa pili, ana ruhusa kuweka cha mwaka huo pia.

Ruhusa hii yote ina kikomo. Watu wakidhikika na wasipate chakula ila kwake, hulazimishwa kukiuza, na hilo wanachuoni wamewafikiana. Na aliyefikia hali ya kukhofia roho yake, kumlisha ni wajibu kwa mwenye chakula asiyekihitaji saa ile, hata kama thamani yake italipwa baadaye. Jamaa wa Ash'ari walikuwa, chakula kikipungua, wakikusanya walicho nacho katika nguo moja wakigawana sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume akawasifu kwamba wao ni katika yeye naye ni katika wao. Watu wa msikiti mmoja wakitaka kufanya hivyo wasingoje Machi. Kila nyumba itoe pishi mbili au tatu Julai, kwa hiari, ziandikwe, na ufunguo washike watu wawili.

Akiuliza mtu: Je, chakula nilichokiweka nile kwanza, zaka baadaye? Jibu: La. Nafaka zenye zaka kwetu ni zile ziwazo chakula cha kutegemewa na kuwekwa, kama mahindi, mtama na mpunga; korosho haimo, ila ikiwa mali ya biashara. Nisabu ni wasaki tano, nazo ni pishi 300. Kwa kipimo chetu cha juu ni kilo 720, na wako waliokadiria 653, na kushika kidogo ndiyo tahadhari. Mpunga uliowekwa na kumbi zake, nisabu yake ni wasaki kumi. Kilichonyweshwa na mvua hutolewa sehemu moja katika kumi, na cha kumwagilia kwa gharama, nusu ya hiyo. Hutolewa nafaka ikiisha kukauka na kusafishwa, kabla mfuko haujafungwa. Na gharama ya mifuko ni juu ya mwenye mali, haikatwi katika fungu la maskini. Wallahu aalam.